Kitunguu saumu na antibiotiki: kilichothibitishwa ni nini hasa?

Ujumbe wenyewe wengi tumeshaupokea, kwenye kundi la familia, la jumuiya au la kikoba. Ponda punje tano za kitunguu saumu, changanya na asali, kunywa asubuhi kabla hujala kitu. UTI itakwisha, vidonda vya tumbo vitapona, vidonge vya hospitali utavisahau. Mwishoni huwekwa maneno ya kuupa nguvu: wanasayansi wamethibitisha kuwa kitunguu saumu ni antibiotiki ya asili. Ukizunguka Soko la Mbuyuni hapa Moshi au Kilombero kule Arusha hukawii kuyasikia maneno hayohayo, na anayeyasema mara nyingi anayaamini kwa moyo wote.

Ugumu ni kwamba wanasayansi kweli wamethibitisha jambo. Wamelithibitisha kwa miaka 80 sasa, katika nchi nyingi, na anayesema saumu haina lolote naye anapotosha. Ila walilothibitisha wao halifanani na linaloahidiwa kwenye ujumbe, na katika pengo hilo wapo wagonjwa wanaoacha dozi katikati. Tulifuate hatua kwa hatua, kuanzia kwenye punje hadi kwenye mkojo wa mgonjwa.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Bakteria ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Wengi hawana madhara, baadhi huleta magonjwa kama UTI, kifua kikuu na homa ya matumbo. Virusi ni kitu kingine kabisa, vidogo zaidi, na ndivyo vinavyoleta mafua, surua, UVIKO-19 na UKIMWI. Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia kuzaliana, ikiwa ndani ya mwili wa mtu, kwa kiasi ambacho mwili wenyewe unakivumilia. Kwa virusi haifanyi kitu. Na usugu ni pale bakteria wanapobadilika hadi dawa iliyokuwa ikiwaua haiwaui tena. Anayekuwa sugu ni bakteria, mwili wa mgonjwa haujawa sugu kwa chochote, ndiyo maana bakteria sugu wa mtu mmoja anaweza kumwingia jirani ambaye hajawahi kumeza antibiotiki maishani.

Kwetu hili tatizo limeshabisha hodi siku nyingi. Duniani kote, kwa mwaka 2019 peke yake, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Karibu zaidi na nyumbani, utafiti mkubwa wa UTI uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambao taasisi ya utafiti ya KCRI iliyoko hospitali ya KCMC hapa Moshi ilishiriki, ulikuta kwamba kwa upande wa Tanzania zaidi ya nusu ya bakteria waliosababisha ugonjwa walikuwa sugu kwa makundi mengi ya dawa kwa wakati mmoja. Ukitaka kuona usugu unavyolelewa, simama dakika chache kwenye duka la dawa la mtaani. Anaingia kijana: "Dada, naomba amoksilini za buku." Dada anakata vidonge kwa mkasi, anavitia kwenye bahasha ndogo, anarudisha chenji. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini, na za buku si dozi.

Kwa hiyo mtu anayetafuta mbadala wa antibiotiki hajakosea kutafuta. Watafiti wenyewe wanautafuta usiku na mchana.

Ndani ya punje

Chukua punje nzima ya saumu, imenye taratibu bila kuikwaruza, uinuse. Harufu ni hafifu mno. Sasa iponde kwa ubapa wa kisu. Kabla hujanyanyua kisu, harufu imeshajaa jikoni. Hiyo ni kemia inayotokea mbele yako: punje huhifadhi kitu kiitwacho aliini sehemu moja ya seli zake, na kimeng'enya kiitwacho alinasi sehemu nyingine. Ukiponda, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na ndani ya sekunde chache inazaliwa alisini, kemikali yenye salfa ambayo haikuwemo kwenye punje nzima. Mmea huitumia kujilinda na wadudu na vimelea vinavyoujeruhi. Wamarekani Chester Cavallito na John Bailey ndio walioitenga na kuieleza mwaka 1944, wakati ambapo penisilini ilikuwa ikiokoa askari vitani.

Alisini inaua bakteria kwa namna yake. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja ya bakteria: penisilini, kwa mfano, huharibu ujenzi wa ukuta wake wa nje. Alisini haichagui. Inajibandika kwenye protini yoyote yenye salfa iliyo wazi, na bakteria ana protini nyingi za aina hiyo zinazoendesha maisha yake, hivyo anapigwa sehemu nyingi kwa mpigo. Ndiyo maana hata bakteria aliyekwisha kuwa sugu kwa vidonge anaweza kufa akikutana nayo.

Namna ya kulipima hilo ni rahisi kuielewa. Mtaalamu wa maabara anachukua sahani yenye rojo gumu la agari, anapaka bakteria juu yake, anaweka katikati kikaratasi cha mviringo kilicholowekwa kwenye maji ya saumu, kisha anaifungia kwenye joto la mwili usiku kucha. Asubuhi sahani nzima imetanda utando wa bakteria, isipokuwa kukizunguka kikaratasi: pale kuna duara safi ambamo hakuna kilichoota. Mwaka 2015 watafiti wa India walichukua bakteria kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa wa UTI, aina 166, wengi wao sugu kwa dawa. Kati ya hao sugu, asilimia 82 walishindwa kuhimili maji ya saumu. Habari ilizunguka dunia nzima, na sina shaka ni miongoni mwa vyanzo vya ujumbe tunaotumiana hadi leo.

Matokeo yale ni ya kweli. Ila yametoka kwenye sahani. Maji ya saumu yaliwekwa juu ya bakteria moja kwa moja, hayakupita mdomoni, tumboni, kwenye ini wala kwenye figo za mtu yeyote.

Hesabu ambayo ujumbe hauipigi

Sasa tupige hesabu. Gramu moja ya saumu mbichi iliyopondwa vizuri hutoa alisini kiasi cha miligramu 2.5 hadi 4.5. Punje ya wastani ina gramu tatu hivi. Tuchukue kiasi cha katikati, tuseme punje moja inatoa miligramu 10. Kuzuia bakteria wengi kwenye sahani huhitaji alisini ya miligramu 30 hivi kwa kila lita, na kwa baadhi yao hata zaidi ya 100. Mtu mzima ana damu ya lita tano. Tano mara 30 ni miligramu 150, yaani punje 15, zikiingia zote kwenye damu kwa wakati mmoja, bila tone kupotea njiani, na zikae humo saa kadhaa. Lakini dawa haibaki kwenye damu tu, inasambaa kwenye maji ya mwili mzima, ambayo kwa mtu mzima wa kilo 70 yanakaribia lita 40. Hapo tumefika punje 120. Tukilinganisha uzito kwa uzito, alisini ina takriban asilimia moja tu ya nguvu ya penisilini dhidi ya bakteria ambao penisilini inawamudu.

Na hiyo ni hesabu ya upendeleo, kwa sababu alisini haifiki. Waliokulia kwenye vihamba vya mlimani wanajua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unavyokuwa wakati wa kiangazi: maji yanafunguliwa juu kwa wingi, lakini kila shamba njiani lina mdomo wake, na wa mwisho bondeni anaangalia tope lililokauka. Alisini ni hivyohivyo. Kwa kuwa hujibandika kwenye kila protini yenye salfa, inaanza kujibandika mdomoni kwako, kwenye chakula, kwenye kuta za tumbo, na kile kidogo kinachoponyoka na kuingia kwenye damu kinamalizwa na chembe nyekundu ndani ya dakika chache. Watafiti waliwahi kuwapa watu gramu 25 za saumu mbichi, punje nane hivi, kisha wakaitafuta alisini kwenye damu na kwenye mkojo kuanzia saa moja baadaye hadi saa 24. Hawakuipata.

Rudia kusoma hapo kama una UTI. Bakteria wako kwenye kibofu, na kwenye mkojo alisini haikuonekana kabisa.

Wengi hutoa hoja ya harufu: mbona kesho yake bado nanuka saumu, si ina maana iko mwilini? Iko, lakini kilichobaki ni mabaki ya alisini baada ya mwili kuivunjavunja, gesi nyingine ya salfa inayotoka kwa pumzi na jasho. Nguvu ya kuua bakteria kama ile ya kwenye sahani gesi hiyo haina.

Walipojaribu kwa watu

Kuna aina ya ushahidi inayopita hesabu zote, nayo ni kuwapa wagonjwa halisi na kuwalinganisha. Hapa saumu haijawa na bahati kubwa.

Vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria aitwaye H. pylori, na kwenye sahani anauawa na saumu vizuri tu. Tena yuko tumboni, mahali ambapo saumu inafika bila kupita kwenye damu. Kama ingefanya kazi popote, ingefanya hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwalisha watu 12 wenye bakteria huyo punje 10 mbichi zilizokatwakatwa pamoja na chakula. Hakutikisika. Huko mkoa wa Shandong, China, watu 3,365 walifuatiliwa kwa miaka mingi kuanzia 1995, wengine wakipewa dawa za saumu kwa zaidi ya miaka saba, wengine antibiotiki ya amoksilini pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa wiki mbili tu. Wiki mbili za vidonge zilipunguza saratani ya tumbo, ambayo bakteria huyohuyo huichangia. Saumu haikupunguza idadi ya walioipata saratani kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu, ingawa baada ya miaka 22 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa wachache zaidi upande wa saumu. Naona matokeo hayo ya mwisho yanastahili heshima na utafiti zaidi. Lakini ni habari ya chakula na afya ya miaka mingi, wala hayamhusu mgonjwa anayetaka kumwondoa bakteria wiki hii.

Kwa mafua kuna jaribio moja linalotajwa sana, la watu 146: waliomeza dawa ya saumu kwa wiki 12 walipata mafua mara 24, waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata mara 65. Inavutia, lakini ni jaribio moja, washiriki ndio waliojitolea taarifa za kuugua kwao, na mafua ni virusi, hayaingii kabisa kwenye mjadala wa antibiotiki. Kuhusu UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi kuwa kula saumu kulimkinga mtu.

Ni wapi basi kuna tumaini? Kwa maoni yangu, mahali ambapo dawa haihitaji kusafiri. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilifuata maelekezo ya dawa ya macho ya karne ya 10: saumu, kitunguu kingine cha jamii yake, mvinyo na nyongo ya ng'ombe, vikakaa siku tisa. Mchanganyiko ule uliwaua bakteria sugu wa vidonda aina ya MRSA, maabara na kwenye vidonda vya panya. Utafiti uliofuata mwaka 2020 ulionyesha jambo zito zaidi: dhidi ya bakteria waliojikusanya kwenye utando wao wa kunata, alisini peke yake haielezi nguvu ile, viungo vilikuwa vinasaidiana. Huko Aachen, Ujerumani, wameonyesha kwamba mvuke wa alisini unaua bakteria wa mapafu waliokuwa sugu, ingawa hilo pia bado ni la maabara. Kuna pia ajoini, kemikali nyingine inayozaliwa alisini inapovunjika, ambayo haiwaui bakteria fulani bali inavuruga mawasiliano yao ya kemikali ili wasijipange kushambulia kwa pamoja.

Mmea unaweza kabisa kuwa dawa ya uhakika, na sisi wa kaskazini tumeliona hilo mashambani kwetu. Mmea wa Artemisia umelimwa Arusha kwa ajili ya viwanda vya dawa mseto ya malaria. Kilichoufanya uwe dawa ni kazi ya Tu Youyou wa China na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970: walitenga kemikali yake, wakapima kiasi, wakaijaribu kwa wagonjwa. Mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Chai ya majani yaleyale Shirika la Afya Duniani hadi leo haliiungi mkono, kwa sababu hakuna anayejua kikombe hiki kina dawa kiasi gani na kile kina kiasi gani. Saumu bado iko kwenye kikombe.

Mambo yanayosemwa na hayako hivyo

"Ni ya asili, haina madhara." Ile tabia ya alisini kujibandika popote haiziachi seli zetu. Punje mbichi iliyofungwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa huunguza kweli, na watoto wameshafikishwa hospitali na malengelenge kwa ajili hiyo. Dada zetu wanaoshauriwa kuiweka ukeni kutibu fangasi wanapaswa kujua kwamba sehemu hiyo ni laini kuliko ngozi ya mkono. Hata kuila hakukusaidia: wanawake wa Australia waliopewa vidonge vya saumu katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 hawakuonyesha tofauti ya maana na waliopewa vidonge vitupu.

"Bakteria hawawezi kuizoea." Wanaweza. Bakteria wanaoishi kwenye vitunguu wamekutwa na jeni zinazowawezesha kuivumilia alisini. Wamekaa nayo muda mrefu.

"Inaua bakteria wote." Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 walipata botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha misuli, kwa kula saumu iliyohifadhiwa kwenye mafuta bila jokofu. Bakteria aliyetoa sumu ile alikuwa akistawi ndani ya saumu yenyewe. Wanaotengeneza mchanganyiko wa saumu na mafuta na kuuacha kabatini wiki nzima, naomba walizingatie hilo kwa uzito. Ukitengeneza, weka kwenye friji na utumie ndani ya siku chache.

Na kuhusu kupika: joto huharibu kile kimeng'enya, hivyo punje nzima iliyotumbukizwa kwenye mchuzi unaochemka haitoi alisini ya maana. Ukiponda na kuiacha dakika kumi kabla ya kuipika, sehemu ya kemikali zake inasalimika. Kwa ladha pia ni bora zaidi.

Kwa wafugaji habari ni tofauti kidogo. Wengi pembezoni mwa Arusha na Moshi wanawawekea kuku saumu kwenye maji badala ya kuwamwagia antibiotiki ya oksitetrasaiklini kila wiki bila ugonjwa. Ulaya ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006, na tafiti za saumu kwenye chakula cha kuku zipo nyingi: baadhi zimeona kuku wakikua vizuri na bakteria wabaya wakipungua tumboni, nyingine hazikuona tofauti. Mantiki yake ina nguvu, kwa kuwa utumbo wa kuku ndipo saumu inapofika yenyewe, na lengo ni kulinda afya, hakuna anayejaribu kutibu ugonjwa uliokwisha kupamba moto. Mfugaji anayepunguza antibiotiki zisizo za lazima kwa njia hii namuunga mkono. Ila mdondo ni virusi. Saumu haiutibu, oksitetrasaiklini haiutibu, kinga yake ni chanjo.

Kwa mwenye UTI leo, kipimo cha kuulizia hospitali ni cha kuotesha mkojo. Bakteria wako wanapandwa kwenye sahani ileile ya agari, wanazungushiwa vikaratasi vya dawa mbalimbali, na baada ya siku mbili au tatu daktari anasoma ni dawa ipi iliyoacha duara safi. Huwezi kulijua hilo kwa kubahatisha dukani, na KCMC na hospitali nyingine kubwa kipimo hicho kipo. Kama unameza vidonge vya saumu, mwambie daktari, hasa ukiwa kwenye dawa za kuyeyusha damu au ukisubiri upasuaji, kwa sababu saumu kwa wingi huongeza uwezekano wa kutoka damu. Mwambie pia kama unatumia ARV: jaribio la Marekani lilionyesha kwamba vidonge vya saumu vilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha saquinavir, mojawapo ya dawa hizo za zamani, kwenye damu. Ile ya kwenye mboga na pilau haina tatizo, endelea nayo.